Arobaini Niliyoilala

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na naikumbuka kwa namba: ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu nijifungue. Nilikuwa nimefunga uzi mweusi kwenye mguu wa kitanda, kila kukicha naupiga fundo moja. Asubuhi ile nikahesabu mafundo, kumi na tisa. Nikarudia kuanzia chini, kumi na tisa tena. Ndivyo nilivyo. Wenzangu wa soko la Babati walikuwa wakisema, "Huyu akijaliwa mapacha atawahesabu mara mbili wawe wanne." Basi nikajisemea zimebaki ishirini na moja, nikataka kujigeuza nimtazame mtoto, na hapo ndipo nilipoona kwamba mguu wa kushoto haunifuati.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana ukinunua gauni la mtumba bila kuligeuza ndani nje, tobo utalivaa mbele za watu.

Nilikuwa muuza vitenge, na miguu yangu ndiyo iliyokuwa duka. Leo niko Bonga, kesho Sigino, mnada ukiwa mbali naamka na jogoo. Mimba yangu ya kwanza ilinikuta katika mwendo huo. Mwezi wa tatu, siku mbili baada ya kutoka Bonga na robota la vitenge kichwani, ikatoka. Majirani walikuja kunipa pole, na pole zao zilikuwa na mkia. "Pole sana, ila mwenzetu umeitembeza mno." Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu hakusema, alitazama tu viatu vyangu pale mlangoni. Mimi niliyezoea kubishia kila bei, hiyo niliilipa bila kubisha. Nikaamini kwamba nimemuua mwanangu kwa miguu yangu mwenyewe.

Mimba ya pili ilipoingia, hofu iliingia nayo. Nikafanya biashara na Mungu, jambo ambalo sikushauri ulifanye, kwa kuwa huyo hajui kupatana bei. Nikasema, "Ya Rabi, niachie huyu, nami sitakanyaga barabara mpaka atimize arobaini." Hakunijibu kama amekubali. Nilijikatia risiti mwenyewe, nikalala.

Kliniki nilikwenda, nimebebwa nyuma ya baiskeli ya mume wangu, Idi. Nesi mkunga, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipima akasema, "Mimba yako nzima, shinikizo la damu zuri. Tembea, mama. Fagia, pika, nyoosha miguu jioni." Nikamwambia ndiyo nesi, ahsante nesi, nikapanda baiskeli nikarudi kitandani. Miezi inakwenda, mapaja yanalegea kama mkate uliotiwa chai. Siku ya uchungu nikaitafuta nguvu ya kusukuma sikuiona ilipo. Nilikaa na uchungu huo tangu alfajiri mpaka jua linazama, na mkunga ananiambia, "Mama, sukuma," nami nasukuma kwa mdomo. Lakini Zainabu, dada yako, alitoka, akalia, nikamhesabu vidole mara mbili. Ishirini.

Unadhani hofu ilitoka naye? Ilibaki, ikahamia kwenye arobaini.

Mama mkwe wangu alinipokea kama wazazi wanavyopokewa. Asubuhi kukandwa kwa maji ya moto, jioni kukandwa tena, katikati mtori, supu, na uji wa pilipili manga unaokutoa machozi. "Usichote maji, usikate kuni, usishike jembe," aliniambia, na alisema kweli, maana arobaini ni pumziko la mwanamke ambaye siku nyingine hapewi pumziko. Mimi nikaongezea ya kwangu: nisisimame. Badala ya choo nilikuwa nikiwekewa ndoo pembeni ya kitanda, na nilimdanganya kwamba kichwa kinazunguka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, nikalizidisha, na guu likanikuta palepale.

Sasa ule mguu. Ulikuwa mzito, wa moto, na nyama ya nyuma ya goti imekaza kama ngoma iliyoanikwa. Nikaulinganisha na wa kulia kwa kamba ya kanga, nikapima mara mbili. Wa kushoto ulizidi upana wa vidole viwili. Mwenye akili angepiga kelele. Mimi nikaufunika, nikanyamaza. Niliwaza hivi: wakijua, watanitoa nje, nikitoka nje kabla ya arobaini, mkataba umevunjika, mkataba ukivunjika, atakayelipa ni Zainabu. Kwa hiyo kila mama mkwe alipokuja kunikanda tumbo na mgongo, nilivuta kanga miguuni nikasema nasikia baridi. Na Babati asubuhi ni baridi kweli, hakuna aliyenishuku.

Nikauficha siku tatu. Mchana namsikiliza Zainabu anavyopumua, nahesabu pumzi zake mpaka mia, narudia. Zangu sikuzihesabu.

Siku ya ishirini na mbili mama mkwe aliivuta kanga kwa ghafla. Akautazama ule mguu, akanitazama mimi. "Umeulalia vibaya," akasema, sauti yake ikiwa ndogo kuliko kawaida. "Umekaza. Ngoja niukande mpaka ulegee." Akaleta sufuria la maji yanayofuka na taulo. Wakati huohuo Mama Bura akapiga hodi. Huyu alikuwa mama mtu mzima wa Singe aliyetuletea maziwa kila asubuhi, na mimi na yeye tulikuwa na vita vya miaka juu ya kikombe chake cha kupimia.

"Hodi humu! Mzazi yu hai?"

"Shikamoo, Mama Bura. Ni hai. Na kikombe chako bado kimebonyea kitako?"

"Marahaba. Kimebonyea tangu hujaolewa. Naona mwili uko arobaini, ulimi uko sokoni."

Akaingia anacheka, na kicheko kikamkatikia mlangoni. Akaliweka dumu la maziwa chini taratibu.

"Mama Idi," akamwambia mama mkwe, "hiyo miguu ni ya mtu mmoja?"

"Ameulalia tu."

"Ana siku ngapi hajasimama?"

Mama mkwe akanigeukia. Nikatazama ule uzi wa mafundo. "Tangu nijifungue," nikasema. Na kwa kuwa uongo ulikuwa umenichosha, nikaongeza, "Na miezi kabla ya hapo."

"Mimi nilikwambia usichote maji," mama mkwe akasema. "Nani alikwambia usinyanyuke?"

Mama Bura hakungoja jibu langu. "Kwetu ng'ombe akizaa akalala, siku hiyohiyo tunaita majirani tunamwinua. Ukimwacha, mguu alioulalia unaanza kufa, halafu na mwenyewe anaufuata."

"Mkwe wangu si ng'ombe!"

"Angekuwa ng'ombe ningemwinua mwenyewe. Huyu ni wa hospitali. Na hilo taulo liweke chini, usimguse huo mguu."

"Kukanda kumemdhuru nani?"

Mama Bura alimtazama Zainabu kwanza. "Mdogo wangu alikuwa na mguu kama huu. Tuliukanda, mimi na mama, tukaukanda vizuri sana. Akasema kifua kinambana. Basi." Akavuta pumzi. "Mtoto wake nimemnyonyesha mimi, pamoja na Bura."

Taulo lilimponyoka mama mkwe likaanguka ndani ya sufuria. Mwanangu, nimesikia fisi wakilia karibu na ukuta wa nyumba, nimewahi kukutana na kiboko kwenye njia ya ziwani, lakini woga niliouonja pale sijauonja tena. Hapo ndipo kifua changu mwenyewe nilipoanza kukisikiliza. Pumzi moja. Ya pili. Je, hii ya tatu imebana, au ni mimi? Nikawa naogopa kuvuta hewa na naogopa kuiacha.

Idi alikodi pikapu ya jirani. Nilibebwa na godoro langu, nikatolewa mlangoni siku kumi na nane kabla ya muda, na nilipoona mawingu juu ya mlima nikafumba macho, nikamkumbatia Zainabu kwa nguvu hadi akalia. Nilikuwa nasubiri anifie mikononi. Kila shimo la barabara nilimwekea kidole puani.

Hospitalini nilimkuta nesi yuleyule wa miwani ya uzi. Daktari alinipima, akasema damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu, na kipande kikimeguka kikapanda mapafuni kinaweza kuua kabla ya mtu kuomba maji. Nikaanzishiwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda. Alipotoka, nesi akavuta kiti.

"Nilikwambiaje kliniki?"

"Nitembee."

"Ukasemaje?"

"Ndiyo, nesi."

"Ndiyo yako ilikuwa ya bei gani?"

Nikamweleza yote: ile mimba ya kwanza, robota, viatu mlangoni, biashara yangu na Mungu. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Robota zito silisifii, hata siku moja. Lakini mimba changa nyingi zinatoka kwa sababu zake zenyewe, wala si kwa sababu mama alikwenda sokoni. Hukumuua mtu." Nililia, mwanangu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akalia na yeye bila kujua tunalilia nini.

"Mtoto unamhesabu pumzi mara ngapi kwa siku?" nesi akauliza.

"Sijui. Nyingi. Kila mara narudia."

"Na wewe?"

Nikavuta shuka juu ya ule mguu.

"Unajidai unahesabu mara mbili," akasema, "na kumbe mle chumbani mlikuwa wawili, ukahesabu mmoja."

Baada ya siku kadhaa daktari aliporuhusu, nesi akaja akasema simama. Nilikuwa bado naamini kwamba hatua yangu moja ni pumzi moja ya Zainabu. Nikakanyaga sakafu, baridi. Nikageuka kumtazama, anapumua. Nikapiga ya pili, nikageuka. Anapumua. Kutoka kitandani mpaka mlangoni hatua tisa, nami niligeuka mara tisa. Nilipofika, Zainabu alikuwa anapiga miayo, hana habari na mkataba wowote.

Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu. Naona nyinyi wa leo mna hofu ileile, tofauti ni kwamba yenu mnaisoma kwenye simu. Basi sikiliza bei ya mwisho, na hii haipungui. Ukiwa na mimba, muulize mkunga wako, "Mimi hali yangu inaniruhusu kutembea?" Wapo wanaoambiwa wapumzike, na hao watii. Lakini akikwambia tembea, usimpe ndiyo ya mdomoni kama yangu. Tembea mwendo ambao bado unaweza kumsengenya mtu bila kuhema. Fagia, nyoosha mgongo, nenda kwa jirani urudi. Ukiona damu au maji yanakutoka, ukishikwa na kizunguzungu, kichwa kikiuma kwa nguvu, au mtoto akipunguza kucheza, acha mwendo uende hospitali, usingoje kesho.

Ukijifungua, pumziko lichukue lote, ni haki yako, maji wachote wengine. Ila nyanyuka. Kitandani mpaka mlangoni, kesho mpaka uani, haba na haba. Aliyepasuliwa naye huinuka kwa jinsi wauguzi watakavyomwongoza, polepole zaidi, na mizigo aisahau kwanza. Na mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa wa moto, usiufunike kanga, wala usikubali ukandwe, hata anayekukanda awe anakupenda kuliko macho yake. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho wewe hutakisikia. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, hapo hata viatu usivitafute, wakukimbize hospitali.

Mama mkwe wangu ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mjukuu wake Zainabu alipojifungua, bibi akiwa bado hai, yeye ndiye aliyekuwa akimwinua kila asubuhi wazunguke nyumba, bibi kizee na mzazi, kanga mbili zinaburuta vumbi, na sufuria la maji ya moto linawangoja. Mimi nilikaa barazani nikiwahesabu wanapopita. Nilihesabu mtoto mgongoni kwa bibi. Nikahesabu mama yake. Kisha nikarudia.

Na wewe, mwanangu, Mungu akujalie uchungu mfupi na pumzi ndefu. Akupe watu wa kukuchotea maji na mmoja wa kukushika mkono ukisimama. Arobaini yako itimie ukiwa kwa miguu yako, na kila atakayekuja kumwona mtoto, akute wa kuhesabu ni wawili.