Nyanya Nilizoziosha

Mama alikuwa na siku ya tatu hajala nilipovuka mpaka wa Horohoro na kufika nyumbani, Nguvumali. Kiharusi kilikuwa kimemlaza tangu kabla ya mfungo. Dada yangu mkubwa, anayemuuguza, hakuniuliza safari hii natokea wapi. Alisema tu, "Uji hataki, supu hataki. Asubuhi kataja chatini ya nyanya za kuchoma. Yangu kaikataa. Labda yako."

Nilifurahi, na hadi leo naionea haya furaha ile. Ujana wangu wote nimeumalizia kwenye majiko ya watu, Malindi, Unguja, Mombasa. Kumfulia mama sijui, kumgeuza kitandani naogopa. Kuchoma nyanya naweza.

Niliwasha vifuu vya nazi uani, nikangoja moto utulie, nikapanga nyanya juu ya waya. Zikapasuka, zikatoa maji yaliyochirizika motoni. Harufu ikaniletea mama akiwa amechuchumaa, kanga imemdondoka mabegani, anatufokea tusimrushie mchanga, na sisi tumeshika mihogo yetu tunamsubiri. Kisha nikazitumbukiza zote kwenye bakuli la maji baridi, kama nilivyofundishwa hotelini. Maganda yakabanduka yenyewe.

Dada akatoka na beseni la mashuka.

"Umeziosha?"

"Nimezipoza, nizimenye."

"Yarabi! Mpishi wa mahoteli huyu! Moshi wote umeumwaga. Mama anazimenya za moto hivyo hivyo, huku anapuliza vidole. Maji hayasogezi karibu."

Kweli. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama ngozi ya kisigino, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Mpelekee hizo hizo," dada akasema. "Kasikia unatwanga, anangoja."

Nilikuwa nimeshaanza kutwanga pilipili, chumvi na kitunguu saumu. Nikaponda nyanya humo humo kinuni, nikakamua ndimu. Mama alipoona kijiko akafungua mdomo mwenyewe, jambo ambalo dada alisema hajalifanya tangu juzi. Akaionja. Akakaa nayo. Halafu ikamtoka polepole pembeni mwa mdomo, ule upande uliolegea.

"Si yenyewe," akasema. Maneno yalimtoka kwa tabu.

"Nitafanya nyingine, mama. Unatia nini? Niambie."

Akafumba macho.

Nilikwenda hadi Mabawa kutafuta nyanya zilizoiva vizuri. Nikachoma upya, nikazimenya zikiwa za moto hadi kidole gumba kikatoka lengelenge. Nilipoingia chumbani ilikuwa alasiri, adhana imeshakwisha. Nikagusisha kijiko mdomoni kwake. Midomo haikufunguka. Nikajaribu tena, nikimbembeleza kama anavyobembelezwa mtoto, naye akageuzia uso ukutani.

"Mwache, mdogo wangu."

Dada akachukua kijiko, akaonja yeye. Akaonja tena.

"Imekaribia."

"Imepungua nini?"

"Sijui."

"Wewe umekaa naye miaka yote!"

"Nimekaa naye, sikumuuliza. Kila nikiitaka, anapika. Na wewe je, kabla ya leo ulimuuliza lini?"

Tulikuwa tumeketi kila mmoja upande wake wa kitanda, bakuli limejaa, na mama katikati yetu yu macho, anasikia yote, midomo kaibana.