Mwalimu Djaouharia Hakuwa Shujaa

Djaouharia alifika Moroni mwaka 1977, pamoja na Wakomoro walioyakimbia mauaji ya Majunga, kwenye kisiwa kikubwa cha Bukini. Wenyeji waliwaita Wasabena, kwa jina la ndege zilizowaleta. Alipata kazi ya ualimu wa watoto wadogo, na hakuhitaji fimbo kuwatuliza. Akiinua uso tu, darasa lilikuwa kimya. Aliolewa na Soidri, karani wa bandarini, mtu mwangalifu wa maneno. Mwaka uliofuata mamluki wa Kizungu walishuka ufukweni, na kulipokucha nchi ilikuwa na wakubwa wengine. Watu wakazoea kuinamisha macho kila walipopita mbele ya kambi ya mamluki hao.

Ugonjwa ulimjia kwa sura ya furaha, ndiyo maana hakuna aliyeushuku. Msimu mmoja wa mvua usingizi ulimtoroka. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amekwisha kufua, kupika na kufagia hadi uani kwa jirani. Shuleni alifundisha mpaka watoto wakalia njaa. Sokoni Volo Volo alivua bangili zake za harusi, akawagawia wauza samaki huku akijitambulisha kwa kila mmoja kuwa binti wa sultani. Soidri alipomuuliza kulikoni, alijibiwa kwa maneno yaliyokimbizana, asiweze kushika hata moja.

Ijumaa moja, watu wakitoka msikitini, Djaouharia alikwenda moja kwa moja hadi kwenye lango la kambi. Alisimama mbele ya askari wa Kizungu mwenye bunduki, akamwambia kwa Kifaransa kwamba ameingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

"Sema hodi," alimwamuru.

Askari alicheka, akalitamka neno vibaya. Djaouharia akamtaka arudie kama alivyowataka wanafunzi, tena na tena, mpaka neno likanyooka.

"Vizuri. Sasa jibu la hodi yako ni hapana. Hujakaribishwa."

Askari alizidi kucheka, akamwita dereva amrudishe mama huyo nyumbani. Lakini watu waliokuwa wamesimama upande wa pili wa barabara hawakucheka. Walitawanyika kimyakimya, na jioni ile hakuna jirani aliyekuja kuuliza hali.

Baada ya wiki chache furaha ile ilimwisha yote. Djaouharia alilala akitazama ukuta, hakuoga, hakusema. Ndugu za Soidri walisema amepandwa na majini. Wengine waliogopa zaidi lile jambo la langoni. Soidri akamsafirisha hadi Mutsamudu, kisiwa kingine, kwa Zoubeda, mdogo wa Djaouharia, akasema ni kwa mwezi mmoja tu. Hakurudi kumchukua. Baadaye walisikia ameoa mke mwingine.

Zoubeda alimpa chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani. Akamletea mwalimu wa kusoma dua, kisha mwingine wa kuandika kombe, aya za kuandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji ya kunywa. Djaouharia alilinywa. Lilikuwa na ladha ya zafarani, basi. Hakuona huzuni wala hofu. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila haukumchoma wala haukuzinduka.

Alipoacha kula, Zoubeda alimpeleka hospitali kule Hombo. Huko walimkuta muuguzi aitwaye Djoumoi, aliyewahi kuwahudumia wagonjwa kama Djaouharia kisiwani Reunion. Alimsikiliza bila haraka, akamwambia kwamba ugonjwa wake unajulikana na una pande mbili, kupanda na kushuka. Hautoki, alisema, ila unazuilika kwa dawa, nayo haiachwi hata mtu akijiona mzima.

Vidonge vilimtia kiu, vikamnenepesha, vikamtetemesha mikono. Lakini akaanza kula, na akalala usiku kucha. Dunia aliisikia kama mtu aliyejaza pamba masikioni.

Binti wa Zoubeda, Maanrifa, alipoposwa, Zoubeda alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Dada, watu wa mwanamume wanakuja kesho. Wakijua nyumba ina wazimu hawatamchukua mtoto. Naomba usitoke."

"Sawa," alisema Djaouharia.

Kesho yake alisikia vigelegele kupitia mlangoni. Alingoja uchungu uje, kwa kuwa alijua ulistahili kuja. Haukuja. Mwisho Maanrifa mwenyewe aliingia na sahani ya wali, akaketi chini, wakala pamoja. Binti alikuwa amelia. Djaouharia alimtazama, akatamani angeweza kumsaidia kulia.

Mwishoni mwa mwaka 1989 mamluki waliondoka. Haukupita muda Soidri akaja Mutsamudu, nywele zimeingia mvi, amevaa kanzu mpya. Alieleza kwamba Moroni sasa watu wanasimulia habari za Djaouharia: yule mwalimu aliyewakatalia mamluki langoni kwao, wakati wanaume wamefyata mikia. Wanataka kumwona. Yeye mwenyewe amekuja kumrudisha nyumbani.

"Nilikuwa mgonjwa, Soidri."

"Ulikuwa shujaa."

"Nilikuwa mgonjwa. Siku ile ningemwambia hivyo hivyo hata imamu. Na ugonjwa unaweza kurudi. Ukirudi, utakaa nami?"

Soidri aliangalia viatu vyake. Alisema mambo hayo yatazungumzwa Moroni. Djaouharia akamkaribisha chai, wakanywa, kisha Soidri akaondoka peke yake kwenda Ouani kupanda ndege.

Zoubeda alikuwa amesikia yote akiwa ukumbini. Jioni alihamisha kitanda cha dadake hadi chumba cha mbele, kinachotazama kichochoro. Miezi michache baadaye Djaouharia akaanza kufundisha watoto wa mtaa kusoma. Baadhi ya wazazi waliwaondoa watoto wao. Watatu walibaki, na akawafundisha hao.

Kila dawa ilipokaribia kwisha alipanda teksi ya kuchangia kwenda Hombo. Safari moja mama mmoja wa Mirontsy, aliyejitanda nguo ya shiromani, alimuuliza anaumwa nini. Akamjibu bila kupunguza sauti kwamba ni ugonjwa wa akili, na kwamba anatumia dawa. Mama yule akavuta shiromani yake, akasogea hadi mlangoni. Djaouharia akanyoosha miguu, maana kiti sasa kilikuwa na nafasi.