Glasi Ndogo za Dada Robo

Kabla watu hawajambatiza Dada Robo, alikuwa mhudumu tu wa kaunta, mwanamke mnene mwenye sauti kali na mkono mwepesi, aliyejua kumimina bia ya pipa bila kujaza povu. Baa ilikuwa nyuma ya karakana za maseremala, na mteja wake wa kila jioni alikuwa kaka yake wa tumbo moja, fundi wa vitanda na makabati. Kaka huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Alimsuka nywele za shule kwa vidole vyenye gundi, majirani wakavunjika mbavu.

Bia iliuzwa kwenye glasi kubwa tu, zile nzito zenye mkono. Kaka alimaliza ya kwanza kama mtu anayezima moto, ya pili vilevile, na ya tatu ilimkuta kichwa kimeshalala mezani. Siku msumeno ulipomla ncha ya kidole, dada aliosha glasi yake huku akilia kimyakimya, maana aliyekuwa akimmiminia ni yeye.

Akamfuata mwenye baa. "Bosi, bia inapata joto kabla haijaisha. Kila siku tunamwaga masalia. Tulete glasi ndogo."

"Unataka kunifilisi?"

"Jaribu wiki moja tu."

Wiki yenyewe haikuisha, watu wakawa wamezizoea. Muuguzi aliyetoka zamu alikunywa moja ya baridi akaenda zake. Wazee waliokuwa wakigombana wakaanza kuongea. Glasi iliisha ingali baridi, hakuna aliyekimbizana nayo. Wakaiita robo, na jina likamganda aliyeileta.

Kaka aliiangalia kama ametukanwa. "Hii nini, dawa ya kikohozi? Mdogo wangu, umeanza kunipimia?"

"Onja kwanza, kaka. Ukiona haifai, nitakuletea pipa lenyewe."

Akacheka, akaonja. Jioni ile alikunywa mbili tu, akapiga soga. Tangu msibani dada hakuwahi kumsikia akimtaja mama yao. Sasa alisimulia jinsi mama alivyokuwa akiimba na kukosea maneno makusudi ili wanawe wamsahihishe. Aliondoka kwa miguu yake mwenyewe. Baadaye kidogo wifi akapiga simu: "Umempa nini mume wangu? Amekuja ananiuliza siku yangu imekwendaje!"

Ikawa hivyo kwa miezi kadhaa. Milango aliyotengeneza ikarudi kufunga vizuri. Kisha miguu ya kaka ikavimba, macho yakageuka manjano. Daktari akawaita dada na wifi pembeni, akawaambia ini limekwisha.

"Lakini amepunguza," dada alisema. "Amepunguza kabisa, daktari."

"Nakuamini. Liliharibika zamani."

Wodini kaka alimshika mkono. "Usijitese. Glasi zako zimenirudisha nyumbani kwangu."

"Ningezileta mapema, kaka."

Kaka alifumba macho kama anayesikiliza kitu, na kesho yake asubuhi akafariki, wifi akiwa ametoka kidogo kumchukulia uji.

Baa za jirani nazo zimeiga robo. Mteja mmoja alimfuata kaunta kumshukuru, akasema mkewe aliyekuwa ameondoka amerudi. Dada akasema asante, akaingia stoo, akakaa juu ya kreti mpaka bosi alipokuja kumwambia aende akapumzike.

Hakuacha kazi, ila siku yake ya mapumziko huenda kwa wifi, wakakaa mlangoni kuchambua maharage. Wifi hazungumzii baa, dada naye hajui aanzie wapi. Siku moja mkono wa wifi ulisimama katikati ya ungo.

"Alikuwa ameanza kuwa yule niliyeolewa naye," akasema.

"Ndiyo, wifi."

Wakaendelea kuchambua mpaka kivuli kikawahama.