Adriko, Jina Lililokuja na Buti za Vita

Bibi yangu alikuwaga na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya maji. Nikiwa mdogo tuliishi naye kisiwani Rukuba, tunaanika dagaa juu ya mawe, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru. Siku moja mtoto mchanga wa mjomba alilia tangu asubuhi. Bibi akaacha dagaa, akampakata, akaanza kumwitia marehemu wa ukoo, mmoja mmoja. Alipofika kwa babu mmoja aliyezama ziwani, mtoto akanyamaza. Basi, likawa jina lake. Dagaa waliliwa na kunguru, nikachapwa mimi. Nimeanzia mbali, lakini bila hilo hutanielewa.

Vita ya Uganda ilinikuta na Magesa, jirani yangu hapa Kiriba. Tulikuwa tunapalilia mihogo, tunabishana kama mke wake atazaa wa kiume. Tukapanda lori Musoma tunacheka.

Kule, karibu na Masaka, tuliwekwa kulinda njia kwenye migomba.

Migomba ikatikisika.

Magesa akapiga.

Tukasogea. Kijana, sare ya kwao, bunduki hana. Ameshika dumu la maji. Maji yanatoka tu, hayaishi.

"Naitwa Adriko," akasema kwa Kiswahili. "Msinifukie bila jina."

Tukamfukia. Vita nzima Magesa hakuligusa tena neno hilo.

Tuliporudi, mtoto wake alikuwa mchanga, analia. Wamama wameita wafu wote wa ukoo. Magesa, hata buti hajavua, akasema polepole: "Adriko."

Mtoto kimya.

Nilikuwa mlangoni.

"Huyo wa nyumba gani?" mama yake Magesa akauliza.

"Ni wetu," akasema Magesa.

Juzi huyo Adriko, sasa ana mvi, fundi cherehani kule Bunda, alikuja kwangu. Baba yake ameshafariki. Nikampa soda.

"Baba mdogo, sokoni wananiuliza, hilo ni jina au dawa ya kuoshea ng'ombe?"

Tukacheka. Halafu akaweka soda chini.

"Mjukuu wangu analia, majina yamekwisha, limebaki langu. Wamama hawaliiti mpaka wajue marehemu mwenyewe ni nani. Baba alisema ni rafiki yake aliyemwokoa vitani."

Nikamwambia. Migomba, risasi ya baba yake, dumu, maji. Maana ya jina kwa lugha ya kwao siijui, hatukupata nafasi ya kuuliza. Ninachofikiriaga ni mama wa yule kijana, huko Uganda. Jina la mwanawe limezeeka huku Mara, na yeye labda alikufa anasubiri mlango ugongwe.

Adriko akanitazama mpaka nikaangalia chini.

"Sasa yule mtoto nimwitie nani?"

Akainuka, soda ikiwa nusu, akakatisha kwenye mihogo kuelekea barabarani. Nikamwita kwa jina lake, kwa nguvu. Hakugeuka. Hajarudi tena.