Shubiri Ukutani

Ukipita Kitui mjini ukaona kuku aliyechorwa kwenye ukuta wa hoteli akikutazama kana kwamba umemkosea, huyo ni wa Kavindu. Namjua tangu kidato cha pili, shule ya kutwa pale Tulia, tulipokuwa tukikaa dawati moja. Alilijaza dawati hilo pua za walimu wote. Mimi Najma, binti wa mwenye duka la karibu na lango, nilifutishwa pua hizo mara nyingi bila kosa langu. Sikulalamika sana, maana zilifanana.

Muhula wa tatu, Mwalimu Mutisya wa sanaa aliingia darasani uso umemshuka. Mwalimu mkuu, Madam Nduku, alitaka kuliondoa somo lake, ili mwakani sote tusome kilimo. Mutisya alikuwa amemwomba nafasi moja tu, akapewa ukuta wa jikoni. Wazazi wakija Jumamosi wakapendezwa na picha, sanaa itabaki. Wasipopendezwa, tukashike majembe. Darasa zima lilimgeukia Kavindu, ambaye jembe na yeye hawakuwahi kupatana.

Rangi ya dukani haikuwapo. Kavindu alichota udongo mwekundu mtoni, akasaga makaa, akaokota chokaa iliyobaki baada ya kuchora mistari ya uwanja. Ili rangi ishike akaichanganya na uji wa mtama, na ili uji usichache akatia chumvi. Kazi yangu ilikuwa kukoroga. Kufikia Alhamisi, mama yake alikuwa amekaa ukutani juu ya kigoda, akipepeta ndengu, mashavu yamejaa pumzi. Niliringa kana kwamba nimechora mimi.

Ijumaa asubuhi tulimkuta mama hana uso. Mbuzi walikuwa wamejipanga ukutani wanalamba, na beberu amesimama kwa miguu ya nyuma anamalizia kidevu. Walikuwa mbuzi wa Madam Nduku mwenyewe, kwa hivyo hata kuwatupia jiwe kulitaka moyo.

"Uji na chumvi!" Kavindu alisema. "Kumbe niliwapikia!"

Akakaa chini akalia kwa sauti. Nami nilitaka kulia, lakini beberu aligeuka ana masharubu mekundu, nikacheka. Hakunisemesha hadi mapumziko.

Wakati wa chakula cha mchana tulikimbia sokoni, alikouza ndengu mama yake. Kavindu alimwambia tu kwamba mbuzi wamelamba picha yake. Picha ya nani, hakusema.

"Ati mbuzi?" Mama alicheka hadi akashika mbavu. "Na wewe si ulikuwa hivyo tu! Miaka mbili, na bado unataka kunyonya. Nikajipaka kiluma. Ukaonja mara moja, ukaniachilia."

Kiluma ndiyo shubiri, na ilijiotea tele nyuma ya vyoo vya shule. Tuliikata, tukaikamua. Jioni ile Kavindu alirudia uso bila chumvi, kisha akaipaka picha nzima maji ya shubiri ya kutosha kuachisha watoto wa Tulia yote. Akiharibu tena, hapakuwa na siku nyingine.

Jumamosi wazazi walijaa uwanjani. Madam Nduku alikuwa katikati ya hotuba ya nidhamu beberu alipokatiza mbele yake, moja kwa moja hadi ukutani. Mwalimu Mutisya alifumba macho. Beberu akalamba. Akaganda. Akakunja mdomo wa juu, akapiga chafya, akaondoka mbio na wenzake nyuma. Wazazi walivunjika mbavu. Walipofuta machozi ndipo wakaitazama picha vizuri, na akina mama wakaanza vigelegele.

Madam Nduku alingoja watulie.

"Haya, Art itabaki," alisema. "Lakini mbuzi yangu ikigonjeka, Mutisya, utanieleza."

Nilimkumbatia Kavindu hadi akaniomba hewa.

Mama yake alifika amechelewa, kikapu kichwani. Alisimama mbele ya yule mwanamke wa udongo, akajitambua. Nilidhani atalia, kumbe anayelia ni Kavindu. Mama akapitisha kidole kwenye shavu la picha, akakitia mdomoni kabla hatujamzuia. Uso wote ukamkunjamana.

"Haya basi, Kavindu," alisema akitema mate, "umelipiza."