Maficho ya Chini ya Mama Turubai

Tangu atoke hospitali na vyuma viwili nyongani, kila mtu alikuwa akimwambia basi. Basi kubeba, basi kupanda, basi kuwinda. Mama Turubai, mjane aliyeshona maturubai ya malori, aliyasikia kwa sikio hili yakatokea lile.

Alikuwa ameanguka kutoka ulingoni, lile jukwaa la mbao ambalo wawindaji hulifunga juu ya mti ili wawavizie nguruwe pori wanaofukua mashamba. Ngazi ilikatika, naye akatua kwa ubavu.

Msimu wa kuwinda ulipokaribia, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe na kiongozi wa kundi, alimfuata karakana.

"Shemeji, safari hii pumzika. Ulingoni hupandi tena."

"Nani kakwambia nataka kupanda? Nitakaa chini, kwenye maficho."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Chini! Nguruwe ana pua, shemeji. Juu harufu yako inapita naye hajui. Juu unaona njia nzima. Chini utaona nini, vidole vyako?"

Hapo hakukosea, na Mama Turubai alilijua hilo kuliko yeye. Nguruwe kumi na mmoja alikuwa amewaangusha kutoka juu.

"Halafu sisi tunapiga kuelekea chini," shemeji akaongeza, sasa bila kicheko. "Sitaki mtu ardhini."

"Ndiyo maana nakwenda ng'ambo ya kijito, nyuma ya kilima. Risasi zenu hazifiki. Nimeziona nyayo huko, na mti wa kubeba hata kuku haupo. Ulingo wako utaufunga kwenye nyasi?"

Shemeji akakunja uso. "Kichwa chako kigumu."

"Nyonga ndiyo iliyovunjika. Kichwa kizima."

Alishona maficho yake kwa turubai la rangi ya udongo, ndani akatia kitambaa cheusi ili kivuli chake kisionekane. Madirisha aliyafunga kwa tepe za kitambaa, maana zipu hupiga kelele. Wiki moja kabla, binti yake alimsaidia kuyasimamisha na kuyafunika matawi, wanyama wayazoee.

Siku ya kwanza, alasiri, walikuja nguruwe wanne. Alikuwa ameshainua bunduki upepo ulipomgeukia kisogoni. Jike kubwa likanusa mara moja tu, na wote wakatoweka. Ng'ambo ya pili mlio wa bunduki ukasikika: shemeji alikuwa amepata wake.

Kwenye gari la kurudi wanaume walivunjika mbavu kwa kicheko. "Umewapulizia manukato?" mmoja akauliza.

"Nilikwambia," shemeji akasema.

"Uliniambia. Kesho nahama."

Usiku huo nyonga ilimuuma na hasira ilimuuma zaidi, lakini asubuhi alikuwa porini na binti yake, wakiyahamishia maficho upande wa pili wa njia, hatua arobaini. Aliupima upepo kwa jivu, akapima tena. Siku ya pili hakuja hata sungura. Ya tatu alikaa kwenye kigoda chake, mguu mbovu ameunyoosha, jambo ambalo juu ya mti asingethubutu. Dume likatoka vichakani, peke yake, limempa ubavu. Alipiga mara moja.

Shemeji alifika anahema. Alilizunguka lile dume, akatazama maficho, akalitazama dume tena.

"Haya, umeonyesha. Sasa inatosha, shemeji. Mwakani kaa nyumbani."

"Mwakani nitakaa hapa hapa, au nitakapopataka mimi," akasema, akijifunga kiunoni kamba aliyolifungia dume. "Wewe shika mguu wa nyuma, tuliburute kabla jua halijazama."

Shemeji akainama, akaushika mguu.