Hita ya Fawaz

Mmenikera. Mkono wangu huu kushika kalamu ni adhabu, na habari ya Jokha mnaijua nusunusu, basi kunisumbua kwa nini? Haya, naiandika mara moja tu.

Ilikuwa Januari 2016, huko Hatta, nchi ya Waarabu, baridi ya milimani inaingia hadi mifupani. Jokha kachuchumaa mbele ya hita ya gesi aliyoifunga mwanawe, Fawaz, kabla ya ajali ya gari iliyomchukua mwezi wa Julai. Haikuwahi kuwashwa tangu afe. Kaka yake Jokha, Jaafar, kaja na pikapu, na hita mpya ya umeme imo ndani.

"Jokha, khalas, basi tena. Siku ya tatu leo unaliwasha haliwaki. Dude hilo linakwenda jaani."

"Likienda, nipakie na mimi."

Jokha kusoma hajui, kwa hiyo Fawaz alimchorea ukutani: mtungi, kidole, na vistari thelathini. Fungua gesi, bonyeza kitufe, hesabu vistari vyote, achia. Walikuwa wakihesabu pamoja, na Fawaz akiruka kutoka kumi na tisa hadi ishirini na tano makusudi, apigwe kofi la bega.

Akabonyeza. Tak, tak. Kimoto cha buluu kikatoka. Akahesabu vyote. Kuachia tu, kikazimika.

Jaafar akamwita Nasifu, Mganda mlinzi wa shamba la jirani, aje abebe. Nasifu alikuwa fundi kwao, akapiga magoti kwanza. Mtungi una gesi. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, hakuna tundu. Akamulika ndani kwa simu.

"Mama, hiki kijiti cha shaba ndicho kinachohisi moto. Kisipopata joto, gesi inakatika. Kimegandwa na kitu cheusi, kinanata. Humu mmechoma nini?"

Jaafar akainama, akanusa.

Ubani. Kila Ijumaa tangu Julai, mtungi ukiwa umefungwa, Jokha aliingiza chetezo mdomoni mwa hita, akifukiza mahali mikono ya mwanawe ilipofanya kazi mara ya mwisho.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Mimi mwenyewe niliyemzimia moto wake."

Nasifu akakisugua kijiti kwa msasa, polepole. Jokha akakinga masizi kwa upindo wa kanga, akafunga fundo. Akabonyeza tena, akahesabu. Thelathini. Hakuachia. Arubaini. Hamsini. Kidole kikawa cheupe.

"Achia, ndugu yangu," Jaafar akasema.

"Ukizimika je?"

Akaachia. Moto ukakaa. Na hapo ndipo Jokha alipolia kilio ambacho hakukilia msibani, maana moto ulikuwa unawaka wenyewe, hauhitaji tena kidole cha mtu. Jaafar akaondoka na hita yake ya umeme.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyenilazimisha, usinitumbulie macho. Msomee Fawaz Fatiha, yote, na usiruke hata neno, kuruka kulikuwa kwake.